Ana Sukari, Msimpe Sukari

Miezi saba Mkasi alikilea kinyongo chake kama mama anavyolea mtoto njiti. Alikilisha, alikifunika, na kila asubuhi alikiangalia kimeamkaje. Kilikuwa kinaamka vizuri, kinanenepa, na siku ya kusimama kwa miguu yake mwenyewe ilikuwa imekaribia.

Mkasi si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na karakana ya sare za shule, alikokata vitambaa kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa akipanga tabaka ishirini za kitambaa juu ya meza ndefu, anachora kwa chaki, anashika mkasi mkubwa wenye mpini mweusi, na anakata toka mwanzo mpaka mwisho bila kupinda hata upana wa uzi. Washonaji waligombania vipande vyake kwa sababu kola ilikutana na shingo bila kubembelezwa. Katika karakana anayekata ndiye mwenye heshima. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, kitambaa hakisikii samahani.

Sasa alikuwa meza ya vifungo. Meza hiyo ilikuwa karibu na mlango wa choo, na hapo walikaa wasichana wawili wanaojifunza kazi na mama mmoja mzee anayesubiri kustaafu. Mkasi alishona vifungo kutwa nzima, na kila alipoinua kichwa aliiona meza yake ya zamani na aliyeisimamia. Huyo alikuwa binti wa kaka wa Msimamizi, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeshika mkasi kama mtu aliyeshika samaki ambaye bado yu hai. Kila alipoanza kukata, Mkasi alifumba macho asione.

Tukieleze kisa chenyewe, maana bila hicho mtu atadhani Mkasi alikuwa na roho mbaya tu. Roho yake haikuwa nzuri sana, lakini kisa alikuwa nacho.

Alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Alijidunga insulini asubuhi na jioni, alikula kwa saa, na ikifika saa nne alikunywa chai na mkate hata kama Tajiri, mwenye karakana, amesimama mbele yake. Watu wengi wanajua kwamba sukari ya mgonjwa hupanda. Wachache wanajua kwamba hushuka pia, na ikishuka haina subira. Mikono inatetemeka, jasho la baridi linatoka, moyo unakwenda mbio, ulimi unakuwa mzito, na akili inaondoka bila kuaga. Dawa yake ni sukari, ile ile ya kwenye kikombe cha chai.

Siku ile, miezi saba iliyopita, kulikuwa na oda ya haraka na Msimamizi alikataza mtu yeyote kuacha meza yake. Saa nne ikapita. Ilipofika saa tano Mkasi alikuwa anatetemeka. Akaweka mkasi chini, akashika ukingo wa meza.

"Sukari," alisema. "Sukari. Sukari."

Msimamizi alimshika bega kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Mkasi kuliko yote yaliyofuata. "Ndiyo, mdogo wangu, tunajua una sukari," alimwambia. "Pole sana. Tulia."

Mtu anaomba sukari, watu wanasikia anataja ugonjwa wake. Neno moja tu, na likamgeuka mdomoni mwake mwenyewe. Shoga yake, aliyeitwa Pasi kwa sababu ya kazi yake pale dirishani, ndiye pekee aliyehisi kuna kitu. Alikuja mbio na chupa ya soda. Msimamizi akaipokonya, akaimwaga kwenye ndoo ya kudekia.

"Mnataka kumuua? Huyu ana sukari, msimpe sukari."

Baada ya hapo akili ya Mkasi iliondoka. Aliwasukuma watu, aliwatukana, na matusi yenyewe yalitoka yamevurugika. Msimamizi alinusa, akatikisa kichwa. "Kumbe si sukari peke yake," alisema. "Amelewa." Mkasi hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Walimbeba mikono na miguu wakamweka nje kwenye ngazi za geti, eti apigwe na upepo. Watoto wa shule waliokuwa wakipita walimcheka, nao wamevaa sare alizowakatia yeye. Mwanamke mpita njia ndiye aliyemwona amelala ubavu akampeleka hospitali kwa gari lake. Mkasi aliamka na dripu mkononi, na daktari akamwambia kuwa wangechelewa nusu saa nyingine, angekuwa anazungumza na ndugu zake badala yake.

Alirudi kazini na karatasi ya hospitali. Msimamizi aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo. Alikuwa ameshamwandikia Tajiri kwamba fundi mkataji alikutwa amelewa kazini.

"Tajiri ameshaamua," alisema bila kumtazama. "Kaa vifungo kwanza."

Pole hakusema, hata ile ya kupita njia. Wapenda mizaha wa karakana wakampa Mkasi jina jipya, Chupa, wakawa wanalitamka nyuma yake kwa sauti ya kutosha asikie. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mkasi alishona vifungo, akatabasamu, akasubiri.

Katika miezi hiyo saba angeweza kuwakusanya wote thelathini wakati wa chakula cha mchana, akawaeleza kwa dakika tano la kufanya sukari yake ikishuka. Hakufanya hivyo, na si kwa aibu. Ujinga wa Msimamizi ulikuwa mali yake, na hakutaka mtu auguse. Nani anamfundisha adui yake njia ya kutoka mtegoni?

Mtego wenyewe ulikuwa hivi. Tajiri hakuja karakana mara nyingi, lakini alitoa taarifa kwamba Jumatano saa nne na nusu atakuja kukagua oda mpya. Mkasi alipanga kuanguka mbele yake. Msimamizi atafanya alichofanya siku ile, na safari hii atakuwepo wa kumwona. Siku moja kabla, alimvuta Pasi nyuma ya marobota ya vitambaa.

"Kwa hiyo unaanguka," Pasi alisema. "Mimi nafanya nini?"

"Hufanyi kitu. Unaendelea kupiga pasi."

"Shoga yangu amelala chini, mimi nanyoosha kola?"

"Pasi, nisikilize. Nitasema sukari, sukari. Usiniletee. Hata nikikulilia, usiniletee. Yeye atakataza kama kawaida yake, na Tajiri anaona. Hapo ndipo utasema: Msimamizi anamnyima sukari tena, siku ile alimnyima hivi hivi akasema amelewa. Maneno hayo tu. Usiongeze chumvi."

"Chumvi siongezi," Pasi alisema. "Na sukari nimekatazwa. Nitapika nini sasa?"

Walicheka kwa kuziba midomo. Kisha Mkasi akamweleza mwisho: Tajiri atauliza, Pasi atajibu kuwa sukari ndiyo dawa, ataikoroga, Mkasi atakunywa na kuamka, na Msimamizi ataondoka karakana siku hiyo hiyo kupitia ngazi zile zile.

"Na kama hatakataza?" Pasi aliuliza.

"Atakataza. Yule hajui kujifunza."

Jumatano asubuhi Mkasi alijidunga kama kawaida, ukumbini, mama yake akimtazama juu ya miwani. Mkate ulikuwa mezani na chai ilikuwa inatoa moshi. Aling'ata mara mbili akausukuma. Tumbo lilikuwa limejaa furaha, na furaha mbaya inashibisha kuliko nzuri.

"Umejidunga?" mama yake aliuliza, ingawa alikuwa ameona.

"Nimejidunga, mama."

"Dawa imeshaingia. Chakula kinakuja kesho?"

"Nitakula kazini."

"Una uso wa mtu anayekwenda harusini," mama alisema. "Sijui harusi ya nani, na sipendi."

Kazini, Mkasi alifanya jambo la pili la kijinga. Mfukoni mwa aproni yake daima kulikuwa na vidonge vya glukosi, peremende nne nyeupe za kutafuna pale anapoanza kutetemeka. Aliwaza: nikianguka, wakinipapasa wakakuta sukari mfukoni, nitaonekana mzembe. Akavitoa, akavitia kwenye mkoba, akaufungia mkoba kabatini. Jambo la tatu lilikuwa la saa nne. Mama mzee wa vifungo alimsogezea kikombe cha chai, naye akakataa. Jasho la kuigiza halipo duniani, alijiambia, bora litoke kidogo la kweli. Hapa ndipo ungetamani kumshika sikio. Mtu aliyeishi na ugonjwa huu miaka ishirini anajua kwamba hakuna "kidogo". Alijua, na siku hiyo hakutaka kujua.

Saa nne na nusu Tajiri hakuja. Saa tano alipiga simu kwamba amecheleweshwa na mteja. Saa sita Msimamizi alipita akikagua meza, suruali yake imenyooka kama rula, akawaambia watu wasiondoke kula kwa sababu Tajiri yuko njiani. Mkasi alisikia kiganja chake kimelowa. Alifurahi. Inaanza, alisema moyoni, na mgeni yuko njiani, mambo yanakwenda sawa.

Robo saa baadaye alikuwa na hasira na uzi. Uzi ulikataa kuingia tundu la sindano. Aliutia mate, aliukata, aliutia tena, na ulipoingia alishona kifungo kwa bidii kubwa, mishono minane, mafundo mawili. Alipotaka kuinua shati, aproni yake ikainuka pamoja nalo. Alikuwa ameshona kifungo kwenye aproni na kulishika shati humo humo. Msichana wa pembeni alicheka. Mkasi alimtazama na hakukumbuka jina lake, wala kwa nini kuna vifungo vingi hivi mbele yake, wakati yeye ni mkataji.

Akasimama. Kwa nini alikuwa amekaa vifungo? Meza yake ilikuwa kule, na msichana fulani alikuwa ameegemea juu yake. Mkasi alitembea mpaka pale huku shati likining'inia kwenye aproni, akachukua mkasi kutoka mkononi mwa yule msichana, akaanza kukata. Mbele yake palikuwa na rundo la mashati yaliyokwisha kushonwa, ya kuonyeshwa Tajiri. Alikata mgongo wa shati la kwanza kwa mstari ulionyooka sana.

"Bado hajafika," Pasi alimnong'oneza kutoka dirishani, akitabasamu kwa wasiwasi. "Shoga, umeanza mapema."

"Sukari," Mkasi alisema. "Pasi. Sukari."

Pasi alikumbuka alivyoagizwa. Hata nikikulilia, usiniletee. Akakonyeza jicho, akarudi kwenye kola.

Machozi yalianza kumtoka Mkasi bila yeye kujua yanatoka kwa sababu gani. Sakafu ilikuwa inasogea. Alimwona mwanamke aliyevaa suruali iliyonyooka akija kwake, na akamshukuru Mungu kwamba kuna mtu anakuja.

"Dada," alimwambia. "Dada, nisaidie."

Karakana nzima ilimwita Msimamizi dada. Mkasi peke yake hakumwita hivyo tangu siku ya ngazi. Kwake alikuwa "wewe", au kikohozi kidogo cha kumwita ageuke. Msimamizi alisimama ghafla. Alimtoa mkasi mkononi, akamgusa shingo, akakuta jasho la baridi. Alimshika makwapani, akamburuta mpaka ofisini kwake, akaufunga mlango kwa teke. Msichana wa meza ya kukatia aliingia nyuma yao.

Watu walitazamana. "Tena," mmoja alisema. Pasi alisimamisha pasi, akautazama mlango uliofungwa, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kwa niaba ya shoga yake.

Ndani, Mkasi alijua vitu vichache: ubaridi wa kiti, sauti inayouliza, "Unanisikia? Unaweza kumeza?", mlio wa kijiko kwenye glasi, kisha ukingo wa glasi kwenye meno. "Meza. Polepole. Meza tena." Maji yalikuwa matamu mpaka yanawasha koo. Mtu alikuwa anamfuta jasho kwa kitambaa cha kujaribia pindo.

Akili ilirudi kama umeme unavyorudi kwenye nyumba yenye vyumba vingi, taa moja kisha nyingine. Kwanza aliiona saa ya ukutani. Kisha aliiona aproni yake na lile shati. Kisha alimwona aliyeshika glasi, na hapo chuki yake nayo ilirudi, ikajikuta imekaa kwenye kiti cha adui ikinywa maji yake.

"Vijiko vinne," Msimamizi alisema, macho kwenye saa. "Tunasubiri robo saa. Kama bado unatetemeka, nakupa tena. Halafu unakula mkate, maana sukari ya kikombe haikai. Ungekuwa umezimia nisingekunywesha, ungepaliwa. Ningekulaza ubavu, niite gari." Alimpa msichana glasi. "Kaisuuze, uje na mkate."

Alisema kama anayesomea mtihani. Mkasi alimtazama kwa muda mrefu.

"Nani amekufundisha?"

"Nesi wa kliniki. Nilimpelekea ile karatasi yako anisomee vizuri. Alinigombeza mbele ya foleni nzima, akaniuliza kama nilitaka kuua mtu."

"Lini?"

"Wiki ile ile."

"Na miezi saba umekaa kimya."

"Ningesema nini? Kwamba nilimwandikia Tajiri uongo?" Msimamizi alikunja kitambaa cha pindo mara mbili, akakikunjua. "Angenifukuza. Nina mama kitandani na watoto wa kaka. Nikaona bora unichukie ukiwa hai, na mimi nikuangalie kwa mbali."

Mkasi alisubiri. Kulikuwa na neno moja lililobaki, neno dogo kabisa, ambalo watu humwambia hata asiyemjua akijikwaa barabarani. Kama Msimamizi angelisema wakati ule, huenda kisa hiki kingeishia hapo na sisi sote tungekwenda kula. Msimamizi alitazama saa.

Mlango ukafunguliwa. Tajiri alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, na nyuma yake alikuwa Pasi, anahema. Pasi hakuongeza chumvi. Alisema kama alivyofundishwa, neno kwa neno, na tofauti na alipokuwa nyuma ya marobota, sasa aliamini kila neno.

"Msimamizi anamnyima sukari tena. Siku ile alimnyima hivi hivi, akasema amelewa."

Tajiri aliivaa miwani. "Ni kweli?"

"Si kweli," Msimamizi alisema. "Nimempa. Muulize mwenyewe."

Msichana alikuwa amefika mlangoni na mkate. "Shangazi amempa, mimi ndiye niliyekoroga."

"Glasi iko wapi?"

"Nimeshaiosha."

"Wewe ni mtoto wa kaka yake," Tajiri alisema. "Sijakuuliza." Akainama kidogo mbele ya kiti. "Fundi, niambie wewe. Usiogope mtu."

Utamu bado ulikuwa kwenye ulimi wa Mkasi. Ukweli ulikuwa na pande mbili, na yeye alikuwa mkataji. Alijua kitambaa kikikatwa upande mmoja, vazi halikai. Aliiona ndoo ya kudekia. Aliwaona watoto wakicheka. Alimtazama Msimamizi kwa mara ya mwisho, akimpa nafasi, na Msimamizi naye alimtazama, uso mkavu, akingojea kutetewa kama mtu anayengojea haki yake.

"Siku ile aliimwaga soda kwenye ndoo," Mkasi alisema. "Nilikuwa naomba sukari, akasema nisipewe. Akanitupa nje. Hospitali walinipa karatasi, akaificha. Imo kwenye droo hiyo."

Hakuna neno la uongo hapo.

"Na leo?" Tajiri aliuliza.

Mkasi aliinamisha kichwa, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Alisikia cherehani zikisimama moja baada ya nyingine nje ya mlango, watu wakitega masikio.

"Anaogopa kusema mbele yako," Tajiri alimwambia Msimamizi.

Alivuta droo. Karatasi ilikuwa juu kabisa, imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Tajiri aliisoma akiwa amesimama. Hakuiangalia mikunjo, aliangalia tarehe. "Uliniandikia amelewa," alisema. "Nikamshusha mtu cheo kwa neno lako. Kusanya vitu vyako." Akatoka, na Pasi akatoka naye, akigeuka kumpa Mkasi tabasamu la ushindi.

Msimamizi alichukua mkoba, kalamu zake mbili, na viatu vya kubadilishia vilivyokuwa chini ya meza. Msichana alikuwa analia kimya kimya, mkate umembonyea mkononi. Mkasi alikuwa ameingoja saa hii miezi saba, ameipamba, ameipaka rangi, na sasa ilikuwa mbele yake naye hakujua aitazame wapi. Ilikuwa kama chakula kilichokwisha kuliwa na mtu mwingine. Hasira ilimpanda upya: hata kisasi chake mwanamke huyu amekiharibu.

"Ulijuaje kwamba ni kweli?" alimwuliza. "Pasi ni shoga yangu, na hata yeye alidhani naigiza."

Msimamizi alisimama mlangoni. Alilipima lile neno, naigiza, na Mkasi aliona limemfika mahali pake.

"Uliniita dada," alisema. Akatundika mkoba begani. "Kula mkate. Robo saa imeshapita."

Akaenda.

Mkasi aliula mkate, kwa sababu mwili haujui aibu. Alipotoka, karakana nzima ilikuwa imesimama. Tajiri alitangaza kwamba fundi amerudi kwenye meza yake kuanzia sasa hivi, na kwamba atakayemwita jina lolote lisilo la heshima atajibu kwake. Watu walipiga makofi, hata wale wa Chupa, hao ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Pasi alimkimbilia kumkumbatia. Alipomwachia alimtazama kidevu, akainua kidole taratibu, akafuta kitu. Alikisugua kati ya vidole viwili. Zilikuwa chembe za sukari, zimeganda pale maji yalipomwagikia.

"Alikupa," Pasi alisema, kwa sauti ya chini sana.

Mkasi alijifuta kidevu kwa aproni. Pasi alirudi dirishani, akashika pasi, akasimama nayo bila kuishusha kwenye nguo.

"Jambo la mwisho," Tajiri alisema, akiangalia orodha yake. "Sitaki hili litokee mara ya tatu. Akizidiwa tena, lazima awepo mtu wa kumsaidia mara moja. Yupo humu anayejua la kufanya?"

Watu thelathini walitazama sakafu. Mama mzee wa vifungo alifungua mdomo, akaufunga. Mkasi alisimama nyuma ya meza yake ndefu, mkasi mweusi mkononi. Dirisha la upande ule lilielekea geti, na aliweza kumwona mwanamke mwenye suruali iliyonyooka akishuka ngazi polepole, mkoba umemlemea upande mmoja. Alikuwa bado hajafika barabarani. Sauti ya kawaida tu ingemfikia.

"Fundi, nakuuliza wewe," Tajiri alisema. "Yupo?"

Mwanamke alifika kwenye kona, akapinda.

"Hayupo," Mkasi alisema.